Mwandishi Aitwa Dar Kama Mgeni Maalumu, Alipwa Makofi na Maji ya Chupa!

Hivi kwenye Bongo hii mtu anaweza kuandikwa "mgeni maalumu" kwenye bango, akaujaza ukumbi, akapigiwa makofi mpaka viganja vikauma, halafu akarudi kwao kwa lifti ya lori la mpunga? Anaweza. Imetokea, na aliyefanyiwa hivyo ni mwandishi mmoja wa kike (jina kapuni), mkazi wa Mbingu, huko bonde la Kilombero. Kama uko kwenye magrupu ya hadithi za WhatsApp, huyo dada ameshakukosesha usingizi bila wewe kujua anaishi wapi.

Wiki mbili sasa anashambuliwa. Hadithi yake imesimama sehemu ya 63, mhusika mkuu kafungiwa ndani ya banda la neti na mbu wasiohesabika, na mwandishi kimya. Basi maneno yameanza. "Kaenda Dar mara moja tu kichwa kimevimba." "Anajiona staa." "Mjini kumemharibu." Wengi wanaoandika hayo hawajawahi kumtumia hata buku, wanasoma mzigo uliovujishwa na wenzao. Kabla ya kuendelea kumporomoshea matusi, ni vizuri ijulikane hiyo Jumamosi ya jijini ilikwendaje, kwa mujibu wa watu watatu waliokuwepo, mmoja wao akiwa meza ya usajili kabisa.

Kwanza hadithi yenyewe, maana wapo wanaomjadili hawajaisoma. Mbingu iko njia ya Ifakara kwenda Mlimba. Mgongoni milima ya Udzungwa, mbele tambarare ya mpunga inayogeuka ziwa mvua zikikolea, kokoa nyuma ya nyumba za watu, na reli ya TAZARA inapita. Mtu wa huko haendi mbali kutafuta maajabu. Pale Ifakara kuna taasisi ya utafiti wa afya ambayo mizizi yake ni maabara ndogo ya Waswisi ya miaka ya 1950, na kwa miaka mingi vijana wa bonde hilo wamelipwa kukaa usiku wamekunja suruali hadi magotini, wakisubiri mbu atue mguuni wamnyonye kwa mrija kabla hajauma. Kuna mabanda makubwa ya neti yenye mimea na vibanda ndani yake, mbu wanafugwa humo kama kuku. Hiyo siyo hadithi, wadau. Hiyo ni ajira ya watu.

Dada akachukua hapo, akajiuliza swali moja tu: itakuwaje kama mbu anayefugwa humo hasahau? Kila damu anayoinywa anaibeba pamoja na kumbukumbu za mwenye damu, na akitaga anawarithisha wanawe. Msichana anayefagia mabanda anaanza kusikia sauti ya marehemu bibi yake ikitoka kwenye neti namba nne. Bibi ana neno lake kuhusu shamba lililouzwa kwa siri. Wakubwa wa maabara (ya kubuni, msianze) wanataka mbu wote wauawe kabla neno halijatoka. Hapo ndipo watu wanakesha, simu ikiwa chaji asilimia tatu.

Anaandika usiku, kwa simu, watoto wakishalala. Mchana yuko shamba na mama yake. Sehemu za mwanzo anagawa bure, anayetaka mzigo kamili anatuma elfu moja. Ndiyo biashara yenyewe.

Sasa mwaliko. Ukaja kwa ujumbe kutoka kwa mratibu mmoja wa tamasha la hadithi za sayansi, majini na katuni, dada wa mjini, kiswahili kitamu. "Mpenzi tunakukubali sana, mwaka huu tunataka wewe ndiye uwe mgeni wetu maalumu." Mwandishi akafurahi, nani asingefurahi? Akauliza kwa adabu, "Asante sana dada yangu. Nauli na malazi inakuwaje?" Akajibiwa, "Mama usijali kabisa, njoo tu, tutaweka sawa ukifika."

Tutaweka sawa! Hilo neno limekula watu wengi kuliko mamba wa mto Kilombero. Fundi wa spika haambiwi "tutaweka sawa", anataka nusu mkononi kabla hajashusha nyaya. Mwenye ukumbi hivyo hivyo. Mama wa chakula ndiyo kabisa, bila advansi jiko haliwaki. Ni mwandishi peke yake katika nchi hii anayeambiwa njoo kwanza, na akija akiuliza tena anaonekana ana njaa.

Akauza gunia moja la mpunga. Nusu ya hela akamwachia mama yake na watoto, nusu akaifanya nauli. Mpunga wa kweli ukauzwa kwenda kuufuata mpunga wa mjini. Akapitia steshenari ya Ifakara, akatoa nakala thelathini za sehemu kumi za mwanzo, zikabanwa vizuri na kava la rangi, kwa mkopo. Alhamisi akalala Ifakara kwa shoga yake, Ijumaa alfajiri akapanda basi, Mang'ula, Kidatu, Mikumi, Morogoro, mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi, jua likizama. Akalala Kimara kwa mama yake mdogo, kwenye mkeka na watoto.

Jumamosi saa mbili asubuhi yuko getini, kitenge kimenyooshwa. Bango kubwa limesimama, jina lake la kalamu juu kabisa, limeandikwa kwa moto, na mbu mkubwa mwenye macho mekundu aliyetolewa sijui mtandao gani. Kijana wa getini akapekua orodha. Jina lake halisi halimo, maana walimwandika kwa jina la kalamu, na kijana hakuelewa kwamba huyu mama mwenye kitenge na begi la nakala ndiye mwenye bango. "Kiingilio elfu kumi, dada." Akajaribu kueleza, foleni nyuma yake ikaanza kuguna. Akalipa.

Mgeni maalumu alilipa kiingilio cha kuingia kumwona mgeni maalumu. Baadaye walipomtambua, meza ya usajili ikamwomba radhi na kumvisha beji. Elfu kumi yake? "Tutaweka sawa."

Ndani kulikuwa kumechangamka, hilo lisemwe. Vijana wamevaa kama wahusika wa katuni za Kijapani, mmoja kajipaka bluu mwili mzima, mwingine kashona koti la ngozi ya bandia na mapanga ya maboksi, kazi nzuri na inaonekana imechukua muda. Wengi wao ni wanafunzi wa vyuo wanaopenda vitu hivi kwa dhati, na wengi walikuja kwa ajili ya yule yule dada. Walipiga picha na bango lake asubuhi nzima. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi hatua chache kutoka hapo, na watu wawili kwa nyakati tofauti wakamfuata kumuuliza chai inapatikana wapi. Wakidhani ni wa jikoni.

Kijana mmoja akaja na kiti chake, akakaa karibu naye. Huyu anajulikana, ana chaneli ya simulizi za sauti YouTube, jina kapuni. Sehemu ishirini za hadithi ya mbu zimo kwenye chaneli yake, kasoma kwa sauti nzito, kaweka na muziki wa kutisha, matangazo yanapita katikati. Hakuomba, hakuuliza, jina la mwandishi halipo hata chini ya video. Alikuwa upande wa VIP, na kwa mujibu wa chanzo cha meza ya usajili, bahasha yake ilisainiwa mapema asubuhi, kwa sababu "ana wafuasi". Akamshika dada mkono kwa furaha ya kweli kabisa. "Dada nakukubali mno. Hadithi zako ndizo zinanibeba mjini hapa."

Dada akajibu, "Asante mdogo wangu." Angemjibu nini zaidi?

Kuna watu watakuja hapa kusema hadithi ya WhatsApp haina mwenyewe, imeshazagaa. Wakasome Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kazi inalindwa tangu inapotungwa, na sheria haikusema lazima iwe na jalada gumu wala muhuri wa kampuni ya vitabu. Ukiichukua ukaisoma hewani ukavuna hela, umechukua mali ya mtu, hata kama mwenye mali anaishi mahali ambapo mtandao unakamatika ukipanda kichuguu.

Mjadala wake uliandikwa saa tano mpaka saa sita kasorobo. Saa tano mdhamini akatoa hotuba. Baada ya mdhamini ikaja ngoma, baada ya ngoma bahati nasibu ya simu, halafu MC akasimulia maisha yake. Dada alipopanda jukwaani zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. MC (huyu naye bahasha yake haikuwa na "tutaweka sawa") akamkaribisha hivi: "Jamani mgeni wetu leo hajatoka mbali, kashuka kutoka Mbinguni!" Ukumbi ukacheka. Utani wenyewe siyo mbaya. Ila kwenye ukumbi uliojaa watu wanaojiita wapenzi wa hadithi za ajabu, hakuna aliyesema kwamba mwaka 1951 Shaaban Robert alishatoa Kusadikika, nchi inayoelea angani, ambayo wajumbe wake wanatumwa pande sita za ulimwengu, Mbinguni ikiwa mojawapo. Miaka zaidi ya sabini iliyopita! Halafu mwongoza mjadala, kijana msomi wa miwani, anashika maiki na kusema eti Waswahili "ndiyo kwanza tunaanza" hadithi za namna hii.

Ndiyo kwanza tunaanza nini? Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, watu mpaka leo wanaumiza vichwa nazo. Katama Mkangi wa Kenya kwenye Walenisi, mwaka 1995, kamrusha mtu aliyehukumiwa kifo kwa chombo cha anga akamfikisha sayari nyingine. Kyallo Wamitila katoa Bina-Adamu! mwaka 2002. Said Ahmed Mohamed kamfufua babu mwaka mmoja kabla yake. Na hivyo ni vile vya wasomi. Gazeti la katuni la Sani, magazeti pendwa yenye hadithi za "itaendelea" kila wiki, hayo ndiyo yaliyofundisha nusu ya nchi kusoma kwa raha. Magrupu ya leo ni watoto wa magazeti hayo. Ukisimama mbele za watu ukasema tunaanza, maana yake hujasoma, na mtu ambaye hujasoma vya kwao ni rahisi kumwona hastahili kulipwa.

Swali la kwanza aliloulizwa dada ndilo hilo hilo kwa nguo nyingine: "Sasa hizi zako mbona kama mambo ya mizimu? Sayansi iko wapi?" Akatulia. Akaeleza habari ya mrija, na suruali iliyokunjwa, na jinsi kaka wa jirani yao alivyokuwa anarudi asubuhi na vikombe vya mbu vimeandikwa saa kwa saa. Akasema, "Kwetu mtu anayehesabu mbu na mtu anayeota marehemu wanalala nyumba moja. Mimi nimewaandika wote wawili." Kisha akaomba asome ukurasa mmoja.

Hapo mashahidi wote watatu wanasimulia sawa. Ukumbi ulinyamaza. Ni pale msichana anapoweka sikio kwenye neti namba nne usiku, na sauti ya bibi haiji kama maneno, inakuja kama mlio ule mwembamba unaoujua, unaozunguka sikio lako ukiwa umezima taa, unapanda, unashuka, mpaka polepole unagundua unaitwa jina lako la utotoni. Dada anasoma bila mbwembwe, sauti ndogo. Mtu mmoja viti vya nyuma akajipiga kofi mkononi, paa! Watu wakashtuka, wengine wakacheka kwa woga, halafu kimya kikarudi kikubwa zaidi. Yule wa bluu alikuwa anajikuna shingo, rangi inatoka.

Alifika nusu ya ukurasa. MC akaonyesha saa, fundi akazima maiki, muziki ukapigwa. Makofi yalikuwa mengi sana, na ni kweli watu walisimama. Wakamkabidhi cheti cha shukrani na chupa ya maji. Jina la kalamu kwenye cheti limekosewa herufi mbili.

Nakala thelathini? Meza ya kuuzia ilikuwa elfu hamsini, hana. Akaanza kuuza begani, watu wamemzunguka, amefikisha nakala saba akaja mlinzi wa ukumbi: hairuhusiwi kuuza bila meza. Chakula cha mchana kilikuwa kwa kuponi, na kuponi zilikuwa za wafanyakazi na VIP. Beji yake ilikuwa imeandikwa "mgeni", ambayo kumbe kwenye mfumo wao haihesabiki popote. Mzee mmoja, mwandishi wa zamani, mtu wa heshima zake, aliona. Akamwita pembeni ya ngazi, akamkunjia noti mkononi. "Binti yangu, chukua hii ya maji." Akapokea kwa mikono miwili na kupiga goti, "Shikamoo baba, Mungu akubariki." Wema huo hauna kasoro. Lakini tamasha lenye mdhamini, bango na MC wa bei mbaya limemfikisha mgeni wake maalumu mahali pa kupewa sadaka kwenye ngazi, na waandaaji wanapita hapo hapo na redio za mkononi.

Jioni alimtafuta mratibu. Akaambiwa yuko kwenye kikao. Akapiga, haikupokelewa. Usiku ukaja ujumbe: "Mpenzi ulitisha sana leo! Bajeti imekuwa finyu mwaka huu ila umepata jina, na hilo ni kubwa kuliko hela." Jumapili alishinda Kimara akipiga hesabu, na Jumapili usiku binamu yake mmoja akamtafutia lori lililokuwa limeleta mpunga Dar na linarudi Ifakara tupu. Jumatatu mchana yuko Ifakara. Deni la steshenari linamsubiri.

Kapata jina! Jina alikuwa nalo, ndiyo maana wakaliandika kwa moto juu ya bango. Wao ndio waliolihitaji kuuzia tiketi za elfu kumi kumi.

Waandaaji wana utetezi mwingine wanaoutumia pembeni, na huu unastahili jibu kwa sababu una nusu ya ukweli ndani yake. Wanasema hata matamasha makubwa ya nje hayalipi waandishi. Ni kweli kwamba lile la dunia, Worldcon, lililoanza New York mwaka 1939, mpaka leo linaendeshwa kwa kujitolea, na waandishi wengi wanaopanda kwenye mijadala hununua hata tiketi zao. Ila maliza sentensi. Kule mwenyekiti naye halipwi. Anayepanga viti halipwi. Wote wanajitolea, kwa hiyo hakuna anayemwibia mwenzake. Na walioitwa wageni wa heshima, wale wenye majina kwenye bango, wanagharamiwa safari na malazi. Sasa huwezi kuchukua kujitolea kwa Worldcon ukampa mama wa Mbingu, halafu ukachukua bahasha za harusi za Bongo ukampa MC. Chagua moja.

Tena kinachodaiwa wala si utajiri. Nauli ya kwenda na kurudi, godoro, sahani ya chakula, posho kidogo, viandikwe kabla jina la mtu halijapelekwa kwa mchapaji wa mabango. Kama hela haipo, sema haipo mapema, mtu achague kuja au kubaki na gunia lake. Kupanga tamasha ni kazi ngumu, ukumbi wa Dar ni ghali, wadhamini wanaahidi na kupotea, yote yanaeleweka. Lakini bajeti ikiwa finyu, mbona ufinyu wenyewe unajua kuchagua mtu wa kumbana?

Na wasomaji nao wasijifanye hawamo. Anayelipa elfu moja kisha anamwaga mzigo wote kwenye grupu la watu mia tano ni ndugu wa yule wa YouTube, tofauti ni sauti nzito tu. Hao ndio wanaoandika "dada weka hata sehemu mbili leo, usiwe mchoyo" saa sita usiku, kwa mtu aliyeshinda shambani. Wakihesabiwa waliolipia sehemu ya 62, wanatosha kwenye Hiace na nafasi inabaki.

Wiki iliyopita mratibu amemwandikia tena. Tamasha la mwakani linaanza kupangwa, wanataka arudi, safari hii "asome ukurasa mzima". Kwa mujibu wa mtu wake wa karibu, dada alijibu siku hiyo hiyo, kwa heshima zote: nauli kiasi hiki, malazi siku mbili, chakula, posho, meza moja ya vitabu, elfu kumi ya mwaka huu irudishwe, na ile chaneli ya simulizi iandike jina lake chini ya video ishirini. Vikikamilika kwa maandishi, anakuja, na sehemu ya 64 atawasomea jukwaani kabla ya mtu mwingine yeyote kuisikia.

Ujumbe una tiki mbili za bluu. Mpaka jana jioni hakuna aliyejibu.